Mkato wa Mkono wa Kushoto

Juzi dada mmoja wa hapa Kihesa alikuja kunipa pole, akaniletea ulanzi kwenye dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kula. "Mama, huu ni togwa," akaniambia, "umegemwa leo asubuhi, utakunywa bila kulewa." Mume wangu hajamaliza mwaka kaburini, na watu bado wananiletea vitu kama vile mimi ndiye mgonjwa. Nilimshukuru, nikafungua kifuniko nione kama ni togwa kweli au ananizuga. Harufu ikanipanda puani, ile harufu ya utamu mbichi inayofanana na bua la hindi changa ukilitafuna. Nikalazimika kukaa chini palepale mlangoni.

Nyie wa rika langu mliokulia milimani mnaijua harufu hiyo. Waliozaliwa kwenye soda niwaeleze kidogo. Milanzi ni mianzi yetu inayotoa kinywaji, na kinywaji chenyewe ndio ulanzi. Mvua zikishika, machipukizi huchomoza kutoka ardhini, na yakifika kimo cha kiuno mgema huyakata ncha kwa kisu kikali, akaning'iniza mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilicho wazi upande mmoja, maji yadondokee humo. Asubuhi na jioni inambidi arudi kukwangua kidonda upya. Akiacha kwa siku mbili tatu, kidonda kinafunga na chipukizi linakauka. Kinachodondoka kikiwa kipya tunakiita togwa, hata mtoto anakunywa. Kikilala, hicho ni cha wakubwa na ugomvi wao.

Mimi nililelewa na babu na bibi yangu upande wa Kilolo, mkoloni akiwa bado yupo. Baba yangu, Atanasi, alikuwa dereva wa lori Mbeya na mama alikuwa naye huko. Nilipoachishwa ziwa nililetwa kwa wazee nikabaki huko, na sikuwahi kuona kama nimeachwa. Nilikuwa na Babu, nilikuwa na Bibi, nilikuwa na togwa. Mtoto atake nini tena?

Babu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na alikuwa mgema. Kwa kushoto kwake, mkato wake ulilala upande wa pili, si kama wa wagema wengine. Ukipita kwenye milanzi ya jirani utaona vidonda vyote vimeinamia huku, ukifika kwa Babu vimeinamia kule, kama kofia zilizovaliwa upande. "Huo ndio muhuri wangu," alikuwa akiniambia. "Mwizi akinigemea nitamjua hata kabla sijaonja." Na kulikuwa na neno jingine ambalo wagema wote wa kwetu waliliamini: mlanzi una tabia ya ng'ombe. Ukimzoesha ng'ombe mkono mmoja kisha akaja mwingine kumkamua, anabana maziwa. Mlanzi nao ukibadilishiwa mkono unabana.

Kila asubuhi Babu alirudi kutoka milanzini na koti lake la kijeshi, kuukuu, limelowa umande, mbeta ya kwanza mkononi. Hakuthubutu kuimimina mtungini kabla Bibi hajaonja. Bibi aliacha shughuli yake, akafuta mikono kwenye kaniki, akapokea, akaonja kidogo, akatazama juu ya paa kana kwamba anatafuta nyuki aliyepotea. Kisha akatoa hukumu.

"Maji matupu."

Au siku nyingine: "Huu ulanzi wa mtu mvivu. Una usingizi ndani."

Babu aliangua kicheko hadi kikohozi kikamshika. "Basi, Mama Atanasi, kesho nitakuletea wa jirani."

"Afadhali. Pengine yeye anajua kazi."

Waliyasema hayo kwa Kihehe, na mimi nayaandika kwa Kiswahili, nusu ya utamu imemwagika njiani. Akishamaliza kumsimanga hivyo, Bibi aliinua mbeta ileile na kuinywa mpaka tone la mwisho, akapangusa mdomo na kurudi jikoni. Mimi nilidhani kweli hapendi. Nilimwonea Babu huruma, mtu mzima kuamka na umande kila siku kumletea mkewe kitu asichokipenda. Kuna asubuhi nilimwambia Babu kwa siri kwamba mimi naona ulanzi wake ni mtamu. Akanishika kichwa na kunijibu, "Hata bibi yako anaona. Ila ukimsifu mgema, tembo hulitia maji. Anachunga ulanzi wangu usiharibike."

Asubuhi niliyokusudia kuisimulia ilianza kama nyingine zote. Nilikuwa uani nachambua maharage. Babu akaja, akampa Bibi mbeta. Bibi akaonja, akatazama juu ya paa. "Leo," akasema, "umeniletea maji ya kuoshea miguu."

Babu akacheka. Akaketi kwenye kigoda, akaegemea ukuta, akasema kifua kimembana kidogo. Bibi akaingia jikoni kumchemshia maji ya kunywa, huku bado anamnung'unikia kuhusu kutembea na koti bichi. Alipotoka na bakuli, Babu alikuwa vilevile, ameegemea ukuta, uso wake una kicheko. Bibi alimwita kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. "Klemensi." Bakuli halikuanguka. Aliliweka chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, kisha akaniambia, bila kunitazama, "Lusungu, nenda kwa Mama Rozi. Mwambie aje. Wewe ubaki huko."

Watoto wa enzi zetu hatukuambiwa habari za kifo. Tuliambiwa nenda kachote maji. Nilikaa kwa jirani yetu Mama Rozi nikicheza na wanawe, nikisikia vilio vikitoka nyumbani kwetu, na nilipouliza kuna nini nikaambiwa Babu amepumzika. Nilifurahi. Alikuwa akikohoa sana, na Bibi kila siku alimwambia apumzike na yeye hasikii. Niliporudishwa nyumbani, kaburi lilikuwa limeshafukiwa nyuma ya boma na mimi niliona udongo tu, nikadhani watu wameanza kulima tuta.

Nyumba ilijaa wanawake. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kimenyolewa, amefungwa kaniki mpya, na hakuwa akilia. Wanawake walimlilia kwa zamu ili kumvuta, wakamtaja marehemu kwa kila sifa, lakini yeye alitazama mikono yake tu. "Machozi yamemkwama," Mama Rozi akasema. Mwingine, ambaye alidhani sisi watoto hatuna masikio, akasema, "Huyo hakumpenda mumewe. Si mlimsikia kila siku anavyomsema?" Nami moyoni nikamuunga mkono.

Wazee walitamka ile amri ya siku zote, kwamba kisu cha marehemu kisiguswe na milanzi yake isigemwe mpaka siku ya kumaliza msiba, ukoo utakapokutana na kumkabidhi mwanawe kile kisu. Maana yake ni kwamba milanzi ile ingekauka, na kila mtu alilijua hilo. Mwenyewe amekwenda, na mali yake imfuate kidogo.

Baba alifika kutoka Mbeya baada ya maziko. Barabara ilikuwa matope na habari zilichelewa kumfikia. Alilia kaburini kama mtoto, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu sikujua kwamba akina baba wanalia. Kabla hajarudi kazini alimwambia Bibi kwamba siku ya kumaliza msiba atakuja na lori kutuchukua sisi wawili tukaishi Mbeya.

"Siwezi kuondoka milanzi ikiwa inatoa," Bibi akamjibu.

"Mama, milanzi haigemwi. Ndani ya wiki itakuwa imekauka."

"Basi ikikauka nitakuja."

Baba akaona ameshinda kirahisi. Akakubali upesi, akaondoka.

Siku zikaenda. Waombolezaji wakapungua, wakabaki Mama Rozi na shangazi wawili wa Bibi waliolala kwetu. Kila alfajiri, watu wakiwa bado wamejifunika, Bibi aliinuka akajifunga kaniki yake na kutoka. Alikawia. Shangazi zake waliamini huzuni imempiga tumboni, wakamchemshia mizizi michungu, naye akainywa yote bila kukunja uso. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefungwa vitambaa, leo kidole hiki, kesho na kile. Nilipomuuliza akasema amejikata na jembe. Mwanamke aliye matangani hashiki jembe, lakini mimi ningelijuaje?

Halafu siku moja nikatumwa kuokota kuni. Nikapita njia ya milanzini, kwa mazoea tu, na kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Babu. Nilisikia kabla sijaona. Tone, kimya, tone. Mbeta zilikuwa zimening'inia kila moja mahali pake, zimefunikwa nyasi vizuri kuzuia nyuki, na zimejaa karibu nusu. Nikashika chipukizi la kwanza. Kidonda kilikuwa kipya, cheupe, bado kinang'aa, na kimeinamia kule. Upande wa Babu. Nikakimbilia la pili, na la tatu. Yote yameinamia kule, kama kofia zilizovaliwa upande.

Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tangu hapo, na nimeolewa na nimezaa. Yote yalijipanga kichwani mwangu. Babu alikwenda kupumzika, sasa amepumzika vya kutosha, ameanza kazi. Harudi nyumbani kwa sababu pamejaa wanawake, na Babu hakupenda kelele. Nilitupa kuni zangu, nikakimbia mpaka nyumbani. Bibi alikuwa peke yake ukutani, mahali palepale pa kigoda cha Babu. Nikamnong'oneza sikioni, maana niliona ni siri.

"Bibi, Babu anagema."

Aligeuza shingo polepole. "Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe. Mbeta zimejaa. Mkato ni wake, Bibi. Umeinamia kule."

"Ni wake?"

"Ni wake."

"Umeangalia vizuri, Lusungu? Haukupindapinda? Haukuwa kama wa mtu anayejifunza?"

"Ni wa Babu kabisa," nikamwambia.

Basi Bibi akatabasamu. Tangu msiba uingie nilikuwa sijaona meno yake. Akanivuta, akakilaza kichwa changu mapajani, akanipapasa kwa vile vidole vya vitambaa, na mimi nikaelewa kwamba amefurahi mumewe yupo. Ilinichukua miaka mingi kujua alichokifurahia. Mimi nilikuwa mtoto niliyeijua kazi ya Babu kuliko mtu yeyote, na nilikuwa nimeitazama kazi ya mkono wake yeye nikaona ya Babu.

Sikumwambia nilichopanga. Nilitaka kumwona Babu kwa macho yangu na kumrudisha nyumbani nimemshika mkono, ili wale shangazi wafungashe waende zao. Alfajiri iliyofuata nikasikia mlango, nikahesabu moyoni mpaka nikachoka, nikatoka. Ukungu wa kwetu wakati wa masika mnaujua, unaweza kugongana na ng'ombe ndipo ujue ni ng'ombe. Nilikwenda nikifuata njia kwa nyayo, umande unanichapa magoti. Nikasikia kisu. Kilikuwa kinakwangua taratibu, kikikawia kidogo kila mara, lakini nani angejali?

Na nikamwona. Mgongo wake, koti lake la kijeshi, ameinama kwenye chipukizi, kisu mkono wa kushoto.

"Babu!" nikaita kwa nguvu zangu zote. "Babu!"

Yule mtu akageuka, na alikuwa Bibi.

Laiti ningekuwa nimeona hilo tu, pengine ningelisahau, kama watoto wanavyosahau. Lakini Bibi hakunitazama. Aliposikia "Babu!" alinyanyuka ghafla, akageuka, macho yake yakanipita mimi kama sipo, yakaenda nyuma yangu, kwenye ile njia ya ukunguni, kumtafuta anayeitwa. Uso wake ulikuwa wazi kabisa. Ulikuwa uso wa msichana anayesikia hodi ya mtu aliyemngoja. Mdomo ulishaanza kufunguka, na najua ulikuwa unafunguka kusema neno lake la kuchokoza. Alimwamini mtoto. Kwa muda wa pumzi moja, mjukuu wake amemwona Babu, kwa hiyo Babu yupo, anakuja.

Njia ilikuwa tupu. Nilimwona akiona kwamba ni tupu. Kisha ndipo macho yake yakashuka yakanikuta, nami nikajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba lile tuta nyuma ya boma halikuwa tuta la kulimia.

Aliketi matopeni. Kisu kikamtoka. Akalia kilio ambacho wanawake wote wale walikuwa wamekitafuta kwake wasikipate, kilio cha sauti nzito, kama cha mwanamume, na mimi nikalia kwa sababu yake na kwa sababu yangu. Tulishikana pale chini, koti la Babu limetufunika sote wawili, likinuka moshi na kikohozi chake.

Alipotulia alinyoosha mkono, akatungua mbeta iliyo karibu, akanipa. "Onja."

Nikaonja.

"Ukoje?"

"Mtamu," nikasema. "Kama wa Babu."

"Ulikuwa mtamu siku zote," Bibi akasema. "Siku zote, Lusungu. Hata ile siku. Nami nikamwambia ni maji ya kuoshea miguu, akaondoka na neno hilo." Akaichukua mbeta, akaitazama ndani. "Nilidhani nikiizuia milanzi isikauke, nitakuwa bado nina asubuhi ya kumwambia. Kila siku nakuja, naonja, na kumwambia. Kisha namwagia hapa shinani, maana nyumbani siwezi kupeleka. Sasa sijui kama anasikia. Wewe unadhani anasikia?"

Nilikuwa mtoto. Nikasema anasikia, na mpaka leo sina jibu jingine.

Hatukumwambia mtu. Tuliendelea kwenda pamoja alfajiri, mimi nikishika mbeta na yeye akikwangua, na shangazi zake wakaendelea kumchemshia mizizi. Lakini mvua zikaanza kukonda. Machipukizi mapya hayakuchomoza tena, na yale ya zamani yakawa yanatoa kidogo, tone na kimya kirefu. Asubuhi ya mwisho kulikuwa na chipukizi moja tu lililolowa. Bibi alilikwangua, tukakaa tukangoja. Lilitoa unyevunyevu, halikutoa tone. Akalifuta kwa kidole, akalamba kidole, akasema kitu ambacho sikukisikia.

Siku ya kumaliza msiba wazee walimkabidhi Baba kile kisu. Aliupokea urithi wake kwa mkono wa kulia, akakigeuzageuza, akashangaa kwamba kisu kilicholala muda wote ule hakina kutu. Bibi alitazama pembeni. Baba alipomuuliza kama yuko tayari kwa safari, akasema, "Imekauka. Twende." Alibeba mbeta moja na lile koti. Alipanda lori mbele, karibu na mwanawe, na hakugeuka nyuma hata tulipokuwa tunaipita milanzi, ingawa mimi niligeuka.

Mbeya aliishi miaka mingi. Baridi ya kule alisema si kitu. Ila alimenya viazi kwa mkono wa kushoto, alikata mboga kwa mkono wa kushoto, na vidole vyake vya kulia havikukosa kovu jipya mpaka uzeeni. Majirani walioonana naye huko waliamini alizaliwa hivyo. Siku ya maziko yake mmoja wao alisimama kutoa ushuhuda juu ya marehemu, akasema Mungu alimjalia mama yule mkono wa kushoto wenye baraka. Baba akanitazama kwa mshangao, akaninong'oneza, "Tangu lini?" Nikamwambia nitamweleza. Sikumweleza.

Huyu dada wa Kihesa hakujua yote hayo aliponiona nimekaa mlangoni na dumu miguuni. Aliuliza kama ulanzi umeharibika. Nikaonja. Nikamwambia, "Ni mtamu, mwanangu. Ni mtamu sana." Nilimwambia kwa sauti, ili asikie vizuri, na kwa sababu mume wangu, Babu wa watoto wote wa mtaa huu, alinipikia chai kila asubuhi tangu anioe, na mimi kila asubuhi nilimwambia ameunguza maziwa.

Tulikuwa bado tunazungumza pale nje. Mtoto wa nyumba ya pili alikuwa anakimbia barabarani, akaita, "Babu! Babu!"

Nikageuka.